Kabla hujachagua ubingwa, kashinde idarani Jumanne moja

Kila mwaka intani, yaani madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya kazi hospitalini, wakikaribia kumaliza miezi yao 12, hunifuata mmoja mmoja na swali lile lile: "Dokta, wewe ulijuaje kwamba usingizi ndiyo fani yako?" Wapo wanaouliza wakiwa wameshaamua, wanatafuta tu mtu wa kuwaunga mkono. Wapo waliovurugwa kweli. Wamemaliza MD, shahada ya udaktari ya miaka 5, wamezunguka tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na kila idara waliyopita walitoka wakiapa kwamba ndiyo hiyo, mpaka idara iliyofuata ikawageuza mawazo.

Mimi ni daktari bingwa wa usingizi na ganzi, na kazi yangu iko hapa hapa Dar es Salaam. Jibu langu nikilianza koridoni hukatishwa na simu ya thieta kabla sijafika popote. Acha nilitoe lote hapa.

Nianze na jambo ambalo wanafunzi hawapendi kulisikia. Fani unayoweza kuipenda ni ile iliyokwisha kujengewa mahali pake. Watu husema wito, na naamini wito upo, ila wito nao unahitaji vitanda, vifaa na mtu wa kukushika mkono. Waliosoma Muhimbili zamani hawakuota kuwa mabingwa wa tiba ya dharura, kwa sababu hapakuwa na idara ya kuiotea. Idara ilifunguliwa 2010 na mafunzo ya ubingwa yakaanza. Leo nakutana na vijana wanaosema wamezaliwa kwa ajili ya kazi ile, na nikiwaona wanavyompokea mgonjwa aliyeletwa hajitambui, nawaamini kabisa. Moyo ni hivyo hivyo. Taasisi ya Jakaya Kikwete ilipoanza kusimama yenyewe mwaka 2015, ghafla kila darasa likawa na watu wa moyo. Figo nayo: hadi Novemba 2017, Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, mgonjwa wa kupandikizwa alikuwa anatafutiwa nauli ya India. Kijana anayetaka figo leo atakusimulia mgonjwa mmoja aliyemgusa, na hasemi uongo. Lakini mgonjwa huyo huyo angemkuta miaka ya nyuma, kijana angemwandikia rufaa, akamwombea heri, akaendelea na raundi.

Kwa hiyo anayekwambia amechagua kwa moyo wake peke yake, mwulize alisomea wapi na alikuta nini.

Lipo pia la nyumbani. Rafiki yangu tuliyekuwa tunapanga naye chumba Upanga alikuwa na mdogo wake mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo duniani; wanakadiriwa kuwa kama 11,000 kwa mwaka. Yeye hakuhitaji takwimu hiyo, aliijua selimundu kwa kilio cha usiku na maji ya uvuguvugu ya kukanda miguu. Tulipofika wodini akakuta kliniki ambayo Profesa Julie Makani na wenzake waliijenga kidogo kidogo tangu 2004, watoto wanafuatiliwa mwaka hadi mwaka, wengine wameshakuwa wakubwa, wanakuja wenyewe bila mama zao. Nilikuwepo siku aliyotoka pale. Hakuzungumza mpaka tumefika kituo cha daladala, halafu akasema, "Kumbe wanakua." Leo ni bingwa wa watoto. Sijui kama ipo sababu nzito kuliko ile, na simshauri mtu aliyenayo atafute nyingine.

Wengi wetu hatuna sababu ya namna hiyo. Sisi tunachagua kwa watu.

Nazungumzia mabingwa tunaowakuta. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hajui bado kupenda magonjwa, anampenda anayemfundisha. Akikutana na bingwa anayekaa kitandani kwa mgonjwa, akamsalimia kwa jina, akamwambia intani "gusa hapa, unahisi nini?", basi idara ile inapata mtu wa maisha. Kinyume chake nacho nimekiona. Mwenzangu mmoja, mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya yeyote darasani kwetu, alikwenda intanshipu katika hospitali ambayo bingwa wake wa upasuaji alikuwa anafokea watu mbele ya wagonjwa na kumwambia kila dada aliyeingia thieta kwamba mifupa haitaki wanawake. Dada yule aliacha upasuaji. Anafanya kazi nzuri kwenye radiolojia na hajuti, nimemuuliza. Lakini mimi najuta kwa niaba ya wagonjwa aliokuwa awafanyie operesheni. Nawaambia vijana: mtu na kazi ni vitu viwili. Ukikuta fani imekupendeza na bingwa wake amekushinda, omba kwenda kuiona hospitali nyingine kabla hujaifuta. Mji huu una Amana, Temeke, Mwananyamala, una Mloganzila. Nauli ya kwenda kuangalia ni ndogo kuliko miaka 30 ya kufanya kazi usiyoitaka.

Mimi mtu wangu hakuwa hata daktari. Alikuwa muuguzi wa usingizi, mama wa makamo, na sisi sote tulimwita Sista. Hili lieleweke kwa wasio wa hospitali: katika nchi hii, mgonjwa anayepewa nusukaputi mara nyingi anapewa na muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi, kwa sababu mabingwa ni wachache mno. Hao ndio waliozibeba thieta zetu miaka yote. Sista alikuwa amefanya kazi ile tangu mimi sijaanza shule ya msingi.

Nilikuwa zamu ya uzazi. Mama mmoja alikuwa anaingizwa thieta kwa upasuaji, uchungu umemchosha, mtoto ameanza kuchoka. Kazi yangu mimi intani ilikuwa kunawa na kumsaidia mpasuaji, basi. Lakini mpasuaji alikuwa bado leba na mgonjwa mwingine, kwa hiyo nikasimama kando nikamwangalia Sista.

Alimkalisha mama pembeni ya kitanda, akamwinamisha kichwa, akamwambia aukunje mgongo autoe nje. Akasubiri uchungu upite. Hakuna aliyemhimiza, naye hakumhimiza mama. "Pumua mwanangu, ukiisha uniambie." Ulipoisha, akapapasa mifupa ya kiuno kwa kidole gumba, akatafuta nafasi kati ya pingili ya 3 na ya 4, akaingiza sindano nyembamba taratibu, mpaka yakatoka maji meupe kama ya kisimani, tone kwa tone. Akasukuma dawa. Mama akalazwa haraka, na Sista akamsogezea kijimto chini ya nyonga ya kulia ili tumbo liegemee kushoto, mji wa mimba usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kisha akachukua pamba yenye spiriti, akampitishia mguuni, pajani, tumboni, akipanda nayo: "Hapa baridi? Na hapa?" Mama akasema hapana, hapana, hapana, mpaka karibu na kifua akasema ndiyo.

Halafu Sista akaniambia, bila kunitazama, "Dokta, sikiliza presha inashuka."

Nikatazama mashine, kipimo kilikuwa bado kinajipima, hakijatoa namba. Yeye alikuwa anamtazama mama usoni: midomo imepauka, amepiga mwayo, amesema anajisikia kichefuchefu. Sista alishachoma efedrini, dawa ya kupandisha presha, na kufungulia dripu kabla namba haijatokea. Ilipotokea, ilikuwa chini kama alivyosema, na dakika chache baadaye ikapanda. Mpasuaji akaingia, mtoto akatolewa akalia, watu wakapongezana, mpasuaji akapewa asante na ndugu mlangoni. Sista alikuwa anaandika karatasi yake.

Baada ya zamu nilimwomba anifundishe kusikiliza. Akanionyesha kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni. Kila mpigo wa moyo kinalia, na oksijeni ikishuka sauti nayo inashuka, inakuwa nzito. "Usiangalie kioo muda wote," akasema. "Mwangalie mgonjwa, masikio yawe kwenye mashine." Mpaka leo naweza kuwa nazungumza na mtu thieta, sauti ikizama kidogo tu mwili wangu unageuka wenyewe kabla sijafikiri.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri, na vijana wengi huishia hapo: usiku mmoja mkubwa, wakajaza fomu ya MMed, shahada ya ubingwa. Lakini usiku mkubwa upo kila idara. Kila fani ina mgonjwa aliyerudishwa kutoka mlangoni mwa kaburi. Ukichagua kwa usiku ule, utakuta umejiandikisha kwa siku nyingine zote ambazo hukuzitazama.

Kwa hiyo nikaenda Jumanne. Nasema Jumanne kwa maana ya siku isiyo na jambo. Niliomba ruhusa nikawa nashinda thieta siku ambazo orodha ilikuwa ya henia, tezi ya shingo na mtoto wa kutolewa findo, niione kazi ikiwa haina wa kuishangilia. Inaanza jana yake alasiri wodini, unapita kitanda kwa kitanda. Umewahi kufanyiwa operesheni? Una pumu? Meno yote yamekaza? Fungua mdomo tuone. Unamweleza asile kitu usiku, na kesho yake unauliza tena kwa upole, kwa sababu muda wa saa 6 lazima upite tangu alipokula, na daima yupo shangazi aliyemletea mgonjwa uji alfajiri kwa huruma. Unamweleza shangazi bila kumdhalilisha, kwamba tumbo likiwa na chakula, mgonjwa akiwa amelala, uji ule unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Akishaelewa, yeye ndiye anakuwa mlinzi wako kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Halafu lipo swali ambalo karibu kila mgonjwa huliuliza, wengine kwa sauti, wengine kwa macho tu: "Nitaamka?" Mpasuaji huulizwa kuhusu uvimbe. Sisi tunaulizwa hilo. Niligundua kwamba napenda kulijibu. Navuta kiti, nakaa, namweleza nitakuwa wapi muda wote, kwamba sitatoka chumbani hata akiwa hanioni. Wenzangu wengine swali hilo linawachosha. Mimi linanipa nguvu, na hapo ndipo nilipoanza kujua.

Asubuhi ni kukagua mashine: oksijeni ipo, mtungi wa akiba umejaa, mirija haivuji, mashine ya kunyonya inanyonya, dawa zimevutwa kwenye bomba na kila bomba limeandikwa. Kila siku, hata kama jana ilikuwa salama. Kisha mgonjwa analala, na zinakuja saa za kutazama. Mtu anayetaka mikono yake iwe na shughuli muda wote atateseka pale. Mimi akili yangu hutulia ninapotazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Hakuna aliyeniambia shuleni kwamba hiyo ni sifa ya kuchagulia ubingwa.

Ipo na huzuni. Hili halisemwi vya kutosha. Kila fani ina namna yake ya kushindwa, na daktari anapochagua fani anachagua pia huzuni atakayoibeba mpaka astaafu. Sisi mambo yakiharibika yanaharibika kwa dakika. Unapambana, unaita wenzako, na kabla chai haijapoa mezani umeshajua kama umempata au umempoteza. Rafiki yangu aliye Ocean Road, hospitali ya saratani, anaishi na huzuni nyingine kabisa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na wengi wanamfikia ikiwa imeshatambaa. Anawajua kwa miezi, anajua majina ya watoto wao, anajua nani ameuza shamba kwa nauli ya kutoka Sumbawanga. Nilimwuliza anawezaje. Akasema yeye hawezi ya kwangu: kumpoteza mtu asiyemjua, ghafla, halafu kutoka nje kumtazama mume wake kwa mara ya kwanza. "Mimi angalau tunakuwa tumeshaagana," akasema. Ningewaomba wote wanaotaka ubingwa waliulize hilo kwanza, kabla ya mshahara: hapa kwenu watu wanapotezwaje, na je, naweza?

Mshahara nao tuuzungumze. Ni unafiki kuwaambia vijana wasifikirie fedha. MMed ni miaka 3 kwa fani nyingi, 4 kwa baadhi, na wakati huo una kodi ya nyumba Tabata au Kimara, pengine mtoto, pengine wadogo zako unaowasomesha. Ukiwa mwajiriwa unahitaji ruhusa ya mwajiri, na mwajiri anapeleka mtu kwenye fani ambayo hospitali inaihitaji. Ufadhili wa Serikali nao unaelekea kwenye fani zenye upungufu. Wapo ninaowafahamu walioingia fani fulani kwa sababu ndiyo iliyokuwa na ufadhili mwaka ule, na sasa huwatoi. Sioni aibu yoyote hapo. Kuipenda kazi kwa kuizoea nako ni kupenda.

Wengine wanatazama kliniki za jioni. Dar es Salaam bingwa wa uzazi au wa ngozi anaweza kufungua chumba chake, akabandika jina mlangoni, wagonjwa wakamfuata yeye. Bingwa wa usingizi hana mlango. Anaitwa na mpasuaji, na mgonjwa akipona humkumbuka mpasuaji. Anayehitaji kukumbukwa, na wapo madaktari wazuri sana wanaohitaji, akija kwetu ataumia. Ni afadhali alijue hilo mapema aende kwenye fani itakayompa wagonjwa wake.

Mama yangu, Tandika, alinisikiliza nilipomweleza uamuzi wangu, akanyamaza, akauliza: "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uende kulaza watu?" Majirani walikuwa wanatarajia daktari wa moyo. Sikukasirika, lilikuwa swali la haki kwa mtu aliyeuza vitenge nisome. Nikamwambia, mama, mpasuaji anashughulika na ugonjwa wa mgonjwa. Wakati huo mgonjwa hapumui mwenyewe, hajikingi, hawezi kusema anaumia. Lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni huyo mtu tu. Akafikiri. "Basi umwangalie vizuri," akasema. Sijawahi kupewa maelezo ya kazi yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo.

Sasa niseme linaloniuma. Shirikisho la dunia la vyama vya usingizi limependekeza angalau madaktari wa usingizi 5 kwa kila watu 100,000. Sisi tuko mbali sana na hapo. Kila tunapokaa kujadili upungufu huu, mazungumzo yanakwenda kwenye fedha na mitambo, na vyote vinahitajika. Lakini mwaka wa intanshipu sehemu kubwa umebebwa na zile idara kuu nne. Usingizi, patholojia na radiolojia kijana anavipitia ukingoni: anapeleka fomu ya kipimo dirishani, anasubiri mgonjwa alale ili anawe mikono. Halafu tunashangaa hawaji. Ataichaguaje kazi ambayo ameiona ikiwa imempa mgongo?

Ningependa kila intani apewe wiki kadhaa thieta upande wetu wa pazia. Asiwe wa kushika vikoleo. Aende wodini alasiri na orodha mkononi, aulize habari za pumu na meno, akague mtungi wa akiba asubuhi, akae kwenye kile kiti kirefu kichwani kwa mgonjwa mpaka henia iishe. Wengi watatoka wakiwa na uhakika kwamba si kazi yao, na huo ni ufumbuzi tayari, wakafanye upasuaji kwa amani. Wachache watabaki wameinamisha kichwa wakisikiliza. Hao ndio tunaowahitaji, na waganga wafawidhi wanaosoma haya, hilo halihitaji jengo jipya wala bajeti ya mwakani. Linahitaji jina la intani kuandikwa kwenye ratiba ya thieta.